Siku Baba Nabintu Alipoingia Kalasi

Rurambo, wakati wa mvua

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mapendo mengi. Mwili wangu ni muzima, namushukuru Mungu. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu. Je, weye uko namna gani? Ule mguu uliokuwa unavimba umepungua? Na Baba bado anapata mizigo ya kubeba pale Kalundu, ama mashua zimeacha kuja? Huku tunasikia mengi juu ya Uvira, hatujui la kuamini. Ndagala ulizomupa Mama Sifa, yule muuza samaki, zilifika. Niliwapikia watoto wa bweni, wakalamba vidole. Zamani kutoka huku hadi kwenu tulitembea siku mbili tu, lakini kwa vizuizi hivi vya barabarani najiona kama muntu aliyeolewa mbali kule Kasai.

Mama Sifa alinieleza pia kwamba unataka nishuke, nivuke na shangazi kwenda Burundi mpaka vita viishe. Nimesikia. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie yaliyonipata, maana huku sina wa kumwambia.

Unakumbuka Madamu wa misheni aliponileta huku, mwaka ule wa uhuru, hakunipa kalasi ya kufundisha. Alinipa watoto wa Batwa, wale watu wa pori ambao wengi hawakubali kula nao. Kazi yangu ikawa kukaa nao, kusikia kinachowasumbua, na kwenda kwa wazazi wao ili wasiache masomo. Madamu mwenyewe aliondoka uasi ulipoanza, nikabaki peke yangu na kazi hiyo.

Kati yao alikuwapo musichana mumoja, Nabintu, binti wa mufinyanzi. Mwaka wa kwanza aliacha masomo, kwa sababu wenzake walikataa kukaa naye kwenye benchi, na maji aliyoyachota waliyamwaga. Nilimufuata kwao, pembeni ya pori. Mama yake alikuwa anakanda udongo, wala hakuniinulia macho. Aliniuliza, "Unataka nimutume mahali ambapo kikombe alichonywea kinatupwa?"

Nilirudi kesho yake, na siku nyingine tena, nikakaa chini nikakanda udongo pamoja naye. Chungu changu kilipasuka kabla hakijakauka, mama yule akacheka sana, na hapo ndipo tulipoanza kuongea. Mwishowe akamurudisha mwanawe. Mimi mwenyewe nilikaa na Nabintu kwenye benchi lake kama mwanafunzi, mpaka siku Nyamwiza, binti wa wafugaji wa ng'ombe, alipobeba vitu vyake bila kutumwa akahamia hapo. Hesabu zilikuwa zinamushinda, na Nabintu alizijua. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Kisha vita vikapanda mulima. Walipita waasi, wakaja askari wa serikali, wakarudi waasi. Wazazi wengi wakawachukua watoto wao. Nabintu alibaki, maana mama yake alisema masomo yanamufaa kuliko kujificha porini.

Mchana mumoja, watoto wakiwa wanakula, nilimwona baba yake amesimama kwenye mikaratusi nje ya uzio. Ndipo alipozoea kusimama kila alipomuleta mutoto. Hakuwa amewahi kuingia uwanjani. Nilimwendea. Akaniambia mama Nabintu hayuko tena. Alikuwa ameshuka Bwegera kubadilisha vyungu kwa muchele, watu wakamukuta amelala njiani na risasi kifuani. Imetoka upande gani, hakuna anayejua.

"Umwambie weye," akasema. "Weye unajua kuongea na watoto. Minye nitangoja hapa."

Nikamujibu, "Baba, akilisikia jambo hili kwangu, bado atakutafuta weye. Ingia. Nitakaa nanyi."

Akaangalia miguu yake yenye matope. Nilimushika mukono, tukaingia kalasi, akakaa kwenye benchi la bintiye, magoti yamepanda juu. Nabintu alipofika mulangoni na kumwona baba yake mahali pale, alijua. Baba akasema maneno machache kwa Kifuliiru. Mutoto hakulia. Aliuliza, "Na vyungu?"

"Vimevunjika."

"Vyote?"

"Vyote."

Hapo ndipo alipoangukia mapajani mwa baba yake. Nilikaa nao tu mpaka kengele ikapita na hakuna mutoto aliyethubutu kuingia.

Kesho yake Nyamwiza alitoka kwao na kibuyu cha maziwa, kile ambacho nyanya yake hakubali mugeni akiguse. Akampa Nabintu anywe kwanza. Kisha akakipokea akanywa yeye, watoto wote wakiangalia. Miaka yote hii nimeliombea jambo hilo, na lilipokuja sikuweza kulifurahia.

Matanga yalipokwisha, baba alikuja kumuchukua. Walikuwa wanahamia ndani zaidi ya pori. Nilimusihi aniachie. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, sikukatalii. Lakini wadogo zake wanalilia mama, na sasa mama yao ni yeye."

Nilimuvalisha Nabintu tiriko yangu ya sufu, maana baridi ya huko inakata. Aliniuliza mahali pake tutamupa nani. Nikamwambia hatutamupa muntu. Akaondoka nyuma ya baba yake, amebeba mudogo wake mugongoni, na tangu siku hiyo sijapata habari yao. Nyamwiza anakaa peke yake. Hesabu hafanyi tena, wala simulazimishi.

Ndiyo sababu siwezi kushuka, Mama. Si kwamba siogopi. Risasi zikilia naingia chini ya kitanda pamoja na watoto. Lakini wamebaki bwenini wale ambao wazazi wao hawajaonekana, na kila jioni wanakuja kuniuliza kama kuna habari. Anayewajibu ni mimi tu. Shangazi avuke salama, na weye uvuke naye kama Baba anakubali.

Unisalimie Baba. Unisalimie Bahati, mudogo wangu, atakayekusomea barua hii. Asiruke mahali popote kwa kukuhurumia. Nisalimie dada yangu Furaha na mume wake, na nyanya aliyenifundisha kusali, na Mama Sifa kwa miguu yake isiyochoka.

Usinitumie mashauri, Mama. Kazi yangu ni mashauri, na yameniisha. Mama Sifa akipanda tena, mwambie tu aniambie kwamba umesikia.

Ni mimi, mutoto wako,
Feza