Askari Wasio na Macho

Wandera mjukuu wangu,

Krismasi tatu hujakanyaga Buteba! Miguu imeoza? Sisi wazima. Ng'ombe amezaa, na shangazi yako Nabwire ndiye anaandika haya ninayosema.

Unauliza kwa nini sikusifu picha ya askari wako wa kuchezea unaowapaka rangi, wadogo kama punje za mchele. Sikiliza. Mwaka wa Uhuru nilikuwa yaya Tororo kwa mzungu aliyepaka rangi askari kama hao, awapiganishe mezani. Mimi nilibandika mchanga kwa gundi chini ya miguu yao. Askari wazungu aliwatia macho na vifungo. Weusi aliwapaka nyeusi tupu, basi.

"Bwana, mbona hawa vipofu?"

"Ni wadogo, yaya. Nani ataona?"

Kaka yangu Ojiambo alifia Burma katika vita vya hao wazungu. Nikachukua mwiba na rangi nyeupe, nikawatia macho weusi wote. Bwana alinifukuza siku hiyohiyo, na mpaka leo inaniuma.

Nabwire aliikuza picha yako kwenye simu. Weusi wako pia hawana macho, Wandera, na wewe ni damu yangu.

Krismasi hii njoo na brashi. Ojiambo hakuacha picha hata moja. Nitakueleza uso wake, nawe upake rangi askari mmoja awe yeye.

Bibi yako, Taaka