Salamu ya Mtambo wa Ipuli

Ipuli, Jumatatu, 3 Juni 2024
Asubuhi ya baridi, upepo wa mashariki.

Baba, shikamoo. Mimi mzima, hali yako siijui, ndiyo maana naandika. Yoramu, anayewachukulia asali, anasema redio ya kuongelea niliyokuletea umeizima. Huko porini simu haishiki. Masika ulilala na homa siku mbili pasipo mtu kujua. Redio ina kosa gani?

Mwanao,
Dafrosa

Porini Kigwa, 9 Juni

Mwanangu, marahaba. Kikohozi kimepungua, nyuki wazima. Redio si mbovu. Ila ile sauti inayojisemea kila saa, "Mtambo wa Ipuli, saa moja kamili," inaingia nyumbani kwa mtu wa umri wangu bila salamu. Hata mkwe wa jirani yangu Hilari ana adabu kuliko hiyo. Ikisalimu, nitawasha.

Baba yako,
Xavery

Ipuli, Jumatatu, 17 Juni
Mawingu mepesi, vumbi limetulia.

Baba, shikamoo. Kikohozi vipi? Mtambo huo unapokea sauti dhaifu za redio zenu na kuzirusha mbali. Sauti yake si ya mtu; mimi fundi ndimi ninayeipanga kwa kompyuta. Neno shikamoo haikuwa nalo, nikaliandika kwa vipande vya sauti. Mara ya kwanza lilitoka kama la mtu mwenye mafua.

Jumatano nikaliweka. Baba, mliitikia wazee wote! Wewe na mzee Hilari mkaiuliza habari za nyumbani, mkangoja jibu huku mmebonyeza kitufe. Zahanati, inayotumia mtambo huo huo, ikakosa nafasi ya kuongea. Mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki, mama Asnath, ameniagiza niiondoe salamu. Nikiiondoa, utazima. Nifanyeje?

Mwanao,
Dafrosa

Porini Kigwa, 20 Juni

Mwanangu, marahaba. Mgongo tu unasumbua. Tumecheka sana, Hilari alitaka kuiuliza imeolewa wapi.

Usiiondoe. Anayepita njiani akisalimu, tunaitikia humu humu ndani, hatumfuati. Nimewaambia wenzangu tusibonyeze. Ila ikishasalimu inyamaze kidogo ndipo itaje saa. Sasa inasalimu na kukimbia, kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Baba yako,
Xavery

Ipuli, Jumanne, 2 Julai
Jua tangu mapema, baridi kidogo.

Baba, shikamoo, na pole. Yoramu atakuletea barua hii hapo zahanati.

Kimya ulichotaka nilikiweka, na mama Asnath alikubali. Juzi asubuhi mtambo ulisalimu, ukanyamaza, nawe ukabonyeza: "Marahaba. Mwambie Dafrosa homa imerudi. Siwezi kusimama."

Uliuagiza mtambo, baba, lakini nilikuwa nasikiliza. Nilimwita Yoramu kwa redio hiyo hiyo. Anasema alikukuta umeketi kitandani, redio mapajani, na ukamkemea kwa kuchelewa hadi mlipofika zahanati.

Nakuja Jumamosi. Usijisumbue kujibu, pumzika. Jana mhudumu alinieleza kwamba umekunywa uji ukaomba mwingine. Nikalala saa tatu kasoro robo, usingizi wa kwanza tangu juzi.

Mwanao,
Dafrosa