Firigisi ya Baba

Jumapili, 7 Septemba 2025

Baba amemvunja Mama mkono. Kwa sababu ya firigisi! Kinyama kisichojaza hata kiganja.

Kwetu kila mtu anajua: firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mama huiwekanga juu ya mchuzi ndio Baba aione kwanza. Leo amefunua bakuli — hamna. Ameuliza mara moja tu. Mama akasema, nilionja mimi, nisamehe Baba Sumayya. Uongo! Mama hajawahi kuionja maishani mwake.

Alianza na bakuli lenyewe, mchuzi moto, usoni. Halafu bapa la panga la kukatia miwa. Nilisikia mfupa. Nikamshika Baba mguu, akanirusha ukutani kama gunia tupu. Mdogo wangu Aminah alikuwa chini ya meza muda wote, mikono mdomoni. Nilipomtoa, vidole vyake vilikuwa vinanuka mchuzi.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama amefungwa plasta. Eti aliteleza kisimani! Ndivyo alivyowaambia hospitalini. Na jirani yetu Mama Khisa naye: vumilia, watoto utawapeleka wapi? Nilitaka kumtupia sufuria.

Aminah amekojoa kitandani. Ana miaka sita na alikuwa ameacha kitambo. Akaninong'oneza: dada, ni mimi niliikula. Nikamwambia, si wewe uliyempiga Mama, ni Baba. Tangu hapo hajasema neno, hata kwa Mama.

Jumatano, 10 Septemba

Bado kimya. Hali chakula. Ukimpa obusuma, ugali wetu, anaukanda tu mkononi mpaka unapoa.

Nimemkuta nyuma ya jiko na mwanasesere wake wa matambara. Anampiga na kijiti. Anampiga, anampiga, bila sauti, mpaka mkono ukang'oka. Kisha akaufunga kitambaa, vizuri kabisa, kama plasta ya Mama. Nikalia mimi. Yeye hapana.

Mwalimu Nekesa wa darasa la Aminah amempigia Mama simu — mpelekeni mjini Kakamega, kuna mshauri wa watoto. Baba amekataa. Mtoto wake si mwendawazimu, na kama ni kiburi, yeye anajua dawa yake. Namchukia. Basi nimeandika. Namchukia!

Ijumaa, 12 Septemba

Baba amelia mbele ya Baba Mdogo Ismail. Ameomba msamaha. Mama amesema yameisha.

Yameisha kwa nani?

Jumapili, 14 Septemba

Mwandiko unaruka. Ni mlango. Nimekaa chini, mgongo kwenye mlango, kitanda tumekisukuma hapa pia.

Baba alileta kuku leo, wa kupatana. Mama akapika kwa mkono mmoja, mimi nikiminya nyanya. Firigisi ilikuwepo! Nilihakikisha mwenyewe. Wote tukapumua. Baba akacheka, akaichukua, akamwekea Aminah kwenye sahani. Leo nakupa wewe, mama yangu. Kula.

Alitaka kumfurahisha tu. Lakini Aminah alidhani amejulikana! Akaitia mdomoni. Hakutafuna, hakumeza. Mkojo ukashuka mpaka kwenye mkeka. Baba akasema kula. Akasema tena. Halafu akamshika taya — nakupa heshima unaninunia? Meza! Mama akajitia katikati na ile plasta yake. Baba akampiga Mama teke la tumbo. Nikamvuta Aminah, nikakimbia naye huku chumbani.

Mama simsikii. Mama! Haitiki.

Sasa Baba amepunguza sauti. Fungua, Aminah. Baba hajakasirika. Anaongea polepole huku anapiga mlango na teke. Komeo ni msumari tu.

Aminah ameitoa firigisi mdomoni. Ameipangusa na gauni lake, pande zote mbili. Anainama, anaisukuma chini ya mlango. Amesema! Wiki nzima, leo ndio amesema —

Baba, sijaikula. Iko nzima. Mwachilie Mama.