Siku Uongo Wangu Ulipofika Mahakamani

Jumatano, jioni. Upepo wa leo umezoa vumbi lote la mtaa wetu wa Majengo ukalimwaga kwenye chai yangu. Nimeinywa hivyo hivyo.

Leo mjukuu wangu ametoa ushahidi.

Jina lake halikuhusu, msomaji. Ana miaka minane na ulimi mkali kama wa marehemu bibi yake. Aliyemfanyia uovu ni jirani, mtu mzima, wa kunipa shikamoo kila asubuhi. Mtoto alimwambia mama yake mara moja tu, tangu hapo akanyamaza. Nami ule utani wetu mababu, wa kumwita mjukuu "mke wangu", niliutupa siku ile ile. Sitauokota.

Wazee wenzangu walikuja na maneno ya asali: "Mzee, tuyamalize kindugu." Nikawajibu, cha kumaliza hapa ni kahawa tu, mkiimaliza mwende.

Wakili wa serikali alitutahadharisha. Mtoto mdogo si lazima ale kiapo, lakini ni lazima aiahidi mahakama kwamba atasema ukweli, hatasema uongo. Akibaki kimya, ushahidi wake haupokelewi, na kesi nzima imemwegemea yeye. Tena tusimkaririshe.

Mtoto mwenyewe alikuwa haongei hata na paka.

Watu wasiohusika walitolewa nje. Mama yake ni shahidi, akangoja zamu yake barazani. Nikaruhusiwa mimi kukaa karibu na mtoto. Mshtakiwa alitazama sakafu. Hakimu, mama mmoja wa miwani, akauliza taratibu:

"Mwanangu, unajua uongo ni nini?"

Anachezea pindo la ushungi.

Kisha akaninyooshea kidole.

"Babu anasema alilambwa na ng'ombe wa Mpwapwa, nywele zikaisha. Huo uongo."

Hakimu akakikagua kipara changu kama kielelezo. Karani akaziba mdomo. Nami nikainamisha kichwa, mahakama ione vizuri.

"Na ukweli je?"

"Ukweli ni vile nilivyomwambia mama."

Akaahidi. Kwa sauti ambayo nilidhani imeshapotea. Hakimu akaandika.

Aliyoyasema baada ya hapo ni yake, sitayaweka hapa. Wakili wa utetezi alimzungusha weee, hakuzunguka. Hukumu bado, na naiogopa. Mzee mzima naogopa. Ila leo, mwongo mkubwa wa Majengo nimekuwa na faida.

Nilimpenda toka yuko tumboni. Leo nimemheshimu.

Tulirudi kwa bajaji, mama yake mbele na dereva, sisi wawili nyuma.

"Babu, nimekuchongea?"

"Umenichongea vizuri sana."

Tukafika sokoni. Halafu kiganja chake kikatua kwenye kipara changu.

"Yule ng'ombe alikuwa na rangi gani?"

Tangu siku ile hakuwahi kuniomba hadithi.

Nikageukia nje, nikasema vumbi limeniingia machoni.

"Na huo uongo, babu."

Nimemwambia alikuwa mwekundu, ana baka jeupe usoni. Kesho atataka kujua jina lake, nami sijalitunga bado.