Dereva, Tumeshaondoka?

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Natumaini baridi ya huko imewahurumia, na kile kikohozi cha kitinda mimba kimekwisha. Sisi tu wazima wa kutembea. Mama anakula kidogo na kulala kidogo. Goti langu lililobanwa na jeki limepona, nimerudi gereji.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Lakini kwenye simu tumetaniana mno, wewe na mimi, na karatasi hatujawahi kuichezea. Kwa hiyo tafadhali kaa kitako kwanza.

Baba amefariki, Dada. Ile video uliyoicheka si tangazo.

Usijilaumu. Mwaka jana mtu alikutumia lile tangazo la Baba likiwa limekatwa nusu, ukaliona jeneza na hukuona mwisho. Ulilia siku mbili na kuomba ruhusa kazini. Baba alipokupigia mwenyewe ulimfokea mpaka akaiweka simu mbali na sikio, ukaapa hatakupata mara ya pili. Basi nilipokupigia siku ya msiba ukasema, "Mwambie Mzee Sukuma hanipati tena," kisha ukakata, sikuwa na la kukulaumu.

Miaka kumi aliigiza matangazo ya kampuni ya magari, akiwa Mzee Sukuma, bahili mkono wa birika, anayesukuma gari lake bovu kila tangazo ili asinunue pikapu mpya ya kampuni. Watu walisahau jina lake. Na lile la mwisho ndilo lililowapendeza kuliko yote: bahili amekufa, anapelekwa makaburini kwa pikapu ileile aliyoikataa, ndugu wanalia. Mara sanduku linagongwa kwa ndani. Dereva anasimama, anazunguka nyuma, anatega sikio. Kifuniko kinafunguka, Baba anainuka na kuuliza, "Dereva, tumeshaondoka?" Maana yake gari limetulia hata maiti hajui kama linakwenda. Wewe mwenyewe ulipoliona zima ulikiri kwamba mzee ana kipaji.

Alianguka uani, akisukuma gari lake ili liwake. Fundi viatu wa pale kona alimwona akishika kifua na kuteleza taratibu ubavuni mwa mlango, akampigia makofi. Alipiga makofi muda mrefu, Dada. Siku hizi amegeuza meza yake, anakaa ameipa nyumba yetu mgongo, na nikimpita hanijibu salamu. Sina kinyongo naye. Ningekuwa mimi pia ningepiga.

Kampuni walituazima pikapu ileile, kwa heshima yake. Shangazi hakutaka hata kuiona. Alisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na Mama akamwambia anyamaze, mume wake alikuwa anaipenda ile pikapu. Nikaomba niiendeshe mimi.

Watu walijaa pande zote za barabara, simu juu. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanatabasamu, wanangoja. Tulipofika pale kwenye matuta ya shule nikasikia kitu kikigonga kule nyuma, mara tatu.

Mimi ndiye niliyemvalisha soksi. Mimi ndiye niliyekaza skrubu za kifuniko. Nilijua alivyo. Lakini mguu ulikanyaga breki wenyewe. Nikashuka, nikazunguka nyuma, nikaweka sikio kwenye ubao. Umati ukaangua kicheko, kile kicheko cha mtu aliyengoja kitu na kukipata. Nami nikangoja. Sijamwambia mtu mwingine, nakwambia wewe: nilingoja aulize.

Ulikuwa mpini wa sepetu, umelegea kwenye kamba na kugonga bati. Nikaukaza, nikarudi kwenye usukani. Wengine walicheka mpaka kaburini, wakaacha tuliposhusha sanduku na kuanza kufukia.

Hiyo ndiyo video uliyoiona, na ukaniandikia kwamba naigiza kumshinda Baba. Kosa ni langu. Nisingesimama, ungeona msiba na kuujua kuwa ni msiba.

Tangazo bado linaonyeshwa kila jioni kabla ya habari. Afisa wa kampuni alikuja kuuliza kama tungependa liondolewe, Mama akasema liachwe. Anavuta kiti karibu na televisheni, anamwangalia akiinuka, na akiuliza swali lake Mama anamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmeshaondoka, baba watoto." Kisha anazima, habari hazitaki. Mimi natoka nje nisisikie, lakini gereji nako kila gari likigongagonga nageuka.

Humu bahashani nimekuwekea ufunguo wa gari lake, na ile kamba ya kiatu chako cha shule aliyoufungia. Unajua alilala nao chini ya mto. Hata nilipokuwa fundi kamili, nikimfungulia na kumfungia injini, hakuniachia niuguse. Ukiushika utajua kwamba sikutanii.

Nina ombi moja tu. Mama hapokei simu zako, lakini si kwa hasira. Kila ulipopiga, swali lako la kwanza lilikuwa, "Vipi, ameshaamka?" na hilo ndilo linalomuumiza. Amezunguka na simu mkononi wiki tatu sasa. Anataka kulia na binti yake. Piga, Dada, na usianze kwa kucheka.

Shangazi anakusalimu sana, na mjomba mwenye duka, na yule bibi jirani aliyekusuka nywele siku ya kuondoka kwako. Msalimie shemeji, wabusu watoto, uwaambie babu yao alikuwa mtu wa kuchekesha. Hilo nalo ni kweli. Mungu akushike mkono barua hii ikikufikia, maana mimi niko mbali.

Mdogo wako akupendaye,
yule aliyesimamisha gari.