Lori Lilirudi Nyuma

Mama,

Huku Kitengela tuko wazima, jua tu ndilo kali. Jumamosi mimi, dada na majirani tulikuwa tunasafisha mto, lori likaja kumwaga takataka tena. Mama Halima, jirani anayeuza mbuzi, akaketi katikati ya njia. Dereva akapiga honi, akasogea karibu kabisa.

"Mbuzi wangu wanakunywa hapa," Mama Halima akamwambia. "Basi nikanyage."

Sote tukaketi naye. Dereva akatukana, kisha akarudi nyuma, akaenda zake. Tulicheka hadi machozi. Tukachemsha chai pale kando, watoto wa dada wakaingia majini, na hakuna aliyewaita watoke.

Msalimie Baba. Nimewakumbuka sana.

Nekesa wako