Mapera ya Marwa Yalivyoishia kwa Ndama

Mama Rhobi mpendwa,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Kumuuguza mdogo wangu hapa Kenyamonta kumenichosha. Kidonda cha Marwa cha tumboni, alipopasuliwa, hakijafunga, na daktari amemkataza nyama. Jana nilimpikia mapera yaliyotolewa mbegu, kwa moto mdogo, maji kidogo na mdalasini, bila sukari. Ni kitu chepesi baada ya uji. Hakina mafuta, na vitamini zinazosaidia kidonda kupona huingia kwenye maji yake.

Niliporudi kutoka kunawa, mkewe alikuwa ameyamimina maji yote kwenye ndoo ya ndama!

"Shemeji, kwani nayo yananywewa na watu?" akaniuliza kwa upole, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Marwa naye akaisukuma sahani. "Kaka, matunda ni ya watoto machungani. Mwanamume mzima nile haya mbele ya wageni?"

Wageni hao walikuwa wazee wa ukoo, waliokuja kumjulia hali na mguu wa mbuzi. Walicheka sana.

Nimemwambia aje kwetu Musoma apone. Amejibu kwamba lazima kwanza awaulize wazee, hao hao! Tandika kitanda cha wageni hata hivyo, nawe ujitunze, mke wangu. Wakishaamua, nitakuandikia.

Baba Rhobi